TAHADHARI: jamaa anayeuza "Jioni ya Chemka" kwa wanafunzi wageni Moshi

Wadau aisee, hasa nyie mliotoka nje mnasoma huku Moshi na nyie wenyeji mnaokaa nao hosteli moja, kuna jamaa anauza kitu anaita Jioni ya Chemka, msimpe hela. Anakuja na bango zuri kwenye simu, muziki, moto wa kuni, mbuzi choma, usafiri kwenda na kurudi, vyote humo humo kwenye bei. Mtanzania elfu 45, mgeni elfu 90, nusu unatanguliza kwa simu eti akawalipie "kibali cha hifadhi".

Hapo kwenye kibali ndo pa kushtukia. Chemka, ile chemchemi ya kuogelea ambayo wengine wanaiita Kikuletwa, haipo ndani ya hifadhi yoyote ya taifa, iko Hai huko, unakata Boma Ng'ombe unaingia barabara ya vumbi, na kiingilio unalipa pale pale getini. Sasa mgeni atajuaje?

Kundi letu lilikuwa mchanganyiko, Mzambia, Wanyarwanda, dada mmoja Mjerumani na sisi wa hapa hapa, mitihani imeisha watu wanataka kupumua. Noah zikatubeba jua likiwa limeshapoa. Kufika getini tunaulizwa kiingilio, tunasema kimelipwa, yule wa getini anacheka tu. Kumpigia jamaa anasema lipeni kwanza nitawarudishia, niko njiani na mbuzi. Tukalipa. Maji yenyewe siwezi kuyasema vibaya, masafi unaona mpaka chini, samaki wadogo wanakutekenya miguu, Mzambia kajirusha na ile kamba mpaka akachoka, kwa muda tukasahau kabisa kama tuna mbuzi wetu. Giza likaingia, mbuzi haonekani, spika hakuna, simu inaita haipokelewi, baadaye ikawa haipatikani.

Sasa shughuli ikawa kurudi. Madereva wakasema wao wamelipwa kwenda tu, kurudi elfu 15 kila mtu na wageni elfu 30, na usiku kule daladala hakuna, boda wa kumpata ni bahati. Mnyarwanda mmoja Kiswahili kinapanda akaanza kubishana nao, wakazima gari funguo wakatia mfukoni. Mi naamini lao moja, maana dereva alipobanwa nani kakulipa akataja jina la mama mmoja, na ndo jina lile lile lililotokea kwenye simu tulipokuwa tunatuma hela! Jamaa alituambia huyo ni mke wake, ndo mhasibu. Tukalipa, tukarudi mjini tukala chipsi mayai, sherehe yetu ikawa hiyo.

Kwahiyo likitokea jina ambalo silo analojiita usiweke namba ya siri, we ghairi tu, akianza stori za mke sijui mhasibu ndo ghairi haraka zaidi. Alitutumia pia picha ya leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii, ukiikuza jina la kampuni silo na mwaka umeshapita. Mwenye leseni yake halali haogopi mkimwambia tunakuja ofisini. Na kama ni Chemka tu mnataka, daladala mpaka Boma, pale mnaelewana na boda au Noah kwenda na kurudi, nauli yote mnampa mkisharudi, nyama mkapimiwe wenyewe buchani ikiwa mbichi mnaona mzani.

Namba yake tumeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, na RB tumechukua polisi, ila laini anabadilisha. Nasikia sasa bango jipya ni Materuni, kule kwenye maporomoko, kahawa na moto wa usiku, bei ile ile na kibali kile kile. Kama kuna aliyetanguliza leo piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi waangalie kama wanaweza kuuzuia huo muamala, akishaitoa kwa wakala imeisha hiyo.