Huduma ya ekmo kwa majeruhi wa ajali: siku 11 za mdogo wangu, nyota 4 kati ya 5

Hii rivyu nimeianza na kuiacha mara nyingi sana, maana kutoa maoni kuhusu simu au hoteli ni rahisi, ila hii ni ekmo (ECMO), mashine inayotoa damu ya mgonjwa nje, inaitia oksijeni na kuirudisha mwilini, na mdogo wangu alilala kwenye huduma hiyo siku 11 damu yake ikizunguka nje ya mwili. Hospitali siitaji. Nataka niongelee huduma yenyewe, sababu mtu anaetafuta habari za ekmo mara nyingi yuko koridoni, ameshikishwa fomu asaini na hana wa kumuuliza, na mimi ndo nilikuwa huyo mtu.

Dogo alipata ajali ya pikipiki. Mbavu 9 zilivunjika, kulia na kushoto, nyonga ikapasuka, mapafu yote mawili yakachubuka vibaya yaani damu ikavujia humohumo ndani ya pafu. Siku ya kwanza alikuwa anaongea, anaomba maji, tukaona afadhali. Kumbe pafu lililogongwa linazidi kuharibika taratibu, usiku wa siku ya pili yuko kwenye mashine ya kupumulia, oksijeni imefunguliwa asilimia 100, na bado kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu kinasoma 70 na kitu. Kuna mbinu ya kumlaza mgonjwa kifudifudi ili mapafu yafunguke, inasaidia kweli, ila kwa nyonga ile walisema haiwezekani. Hospitali aliyokuwepo haikuwa na ekmo kwahiyo wakapiga simu kituo kingine, na timu ikaja usiku uleule na mashine yao, wakamuwekea palepale kitandani alafu ndo wakaondoka nae.

Nianze na kilichoniuma, sababu ndo kilianza. Dokta mmoja alitoka mbio akatuambia "tunamweka kwenye mashine ya moyo na mapafu", akarudi ndani. Mama aliposikia moyo akakaa chini sakafuni. Usiku mzima tuliamini moyo wa mtoto umesimama, na haukuwa umesimama hata dakika moja! Asubuhi ndo nesi wa ile timu akanikalisha, akaniambia dada sikiliza, ekmo ziko za aina mbili, na akachora nyuma ya karatasi. Ya kwanza inatoa damu kwenye mshipa mkubwa wa vena (unaorudisha damu kwenye moyo) na kuirudisha kwenye vena, hiyo inafanya kazi ya mapafu tu na moyo wa mgonjwa unaendelea kusukuma wenyewe, ndo aliyowekewa dogo. Ya pili inatoa damu kwenye vena na kuirudisha kwenye ateri (mshipa unaopeleka damu mwilini), hiyo inashika kazi ya moyo pia, anawekewa mtu ambaye moyo umeshindwa au umesimama kabisa. Dakika 5 za maelezo. Ukiwa koridoni na hujui cha kuuliza, uliza hilo kwanza, ni ya mapafu tu au na moyo, maana hatari zake hazifanani na hata matumaini hayafanani.

Sasa mashine. Nilidhani nitakuta kitu kikubwa kama friji. Pampu yenyewe inakaa kwenye kiganja, ni kikombe cha plastiki ambacho ndani kinazungushwa kwa sumaku maelfu ya mizunguko kwa dakika, pembeni yake kuna kiboksi ambacho ndo pafu la bandia, ndani kuna vijibomba vyembamba kama nyuzi, maelfu, hewa inapita ndani ya nyuzi na damu inapita nje yake, oksijeni inaingia na hewa chafu ya kaboni inatoka, basi. Mrija mmoja mnene ulitoka kwenye kinena, mwingine ukaingilia shingoni. Damu inayotoka ni nyeusi kama zambarau, inayorudi ni nyekundu inang'aa, na nilijifunza kuangalia zile rangi mbili kuliko namba za kwenye skrini, nikiona zimetofautiana vizuri napumua. Lita 4 na nusu kila dakika zilikuwa zinapita mle. Kwa hesabu ya haraka hiyo ni karibu damu yote ya mtu mzima, kila dakika, siku 11.

Na hapa ndo watu wengi wanaelewa vibaya, hata mi nilielewa vibaya. Ekmo haimtibu mgonjwa. Pafu la dogo halikupewa dawa na ile mashine, lilipewa likizo. Kabla yake mashine ya kupumulia ilikuwa inasukuma hewa kwa nguvu kwenye pafu ambalo tayari limechanika na ile nguvu yenyewe inaliumiza zaidi, ekmo ilipoingia wakapunguza ile presha mpaka chini kabisa, kifua kikawa kinapanda kidogo sana karibu usione. Kama ugonjwa wenyewe hauponi, mashine haibadilishi hilo. Dokta mkuu wa kile kitengo alituambia hivo bila kupepesa macho na nilimheshimu sana.

Kitu kilichonitisha kuliko vyote ni hepalini. Damu ikigusa plastiki inataka kuganda, kwahiyo wagonjwa wa ekmo wanapewa dawa ya kuzuia damu isigande. Kwa mtu mwenye nimonia sawa, ila huyu ni majeruhi, nyonga imepasuka, mbavu zimechoma kila sehemu, ukimpa hiyo dawa si atavuja hadi mwisho? Nilimuuliza nesi kwa sauti ya juu kidogo, samahani yake. Akanijibu kwa utulivu kwamba ndo maana zamani majeruhi wengi walikataliwa, ila mirija ya siku hizi inapakwa ndani kitu cha kupunguza kuganda na mtiririko wenyewe ni mkubwa, kwahiyo wanaweza kukaa siku kadhaa bila hepalini kabisa mpaka majeraha yatulie. Dogo alikaa masaa 48 bila. Kabla ya hapo CT ya kichwa, yaani picha ya ndani ya kichwa, ilionyesha hakuna damu kwenye ubongo, na nikajua baadae kwamba ile CT ndo ilikuwa na uzito kuliko vipimo vingine vyote vya usiku ule.

Nilivyokuwa nasoma usiku (silali, nafanyaje) nikakuta kitu ambacho kilinipa nguvu. Mtu mzima wa kwanza kabisa kupona kwa ekmo alikuwa majeruhi wa ajali, kijana wa miaka 24, Marekani mwaka 1971, dokta J. Donald Hill na wenzake walimweka kwenye mashine masaa 75. Yaani hii huduma kwa watu wazima ilianzia kwa majeruhi, alafu miaka mingi ikabaki zaidi kwa vichanga, mpaka 2009 kwenye mafua ya H1N1 ndo watu wazima wakaanza kuwekewa kwa wingi. Nilimsomea mama ile habari ya kijana wa miaka 24. Akauliza, dogo ana mingapi? Kama vile hajui! Nikamjibu 26, akanyamaza, alafu akasema soma tena.

Watu wa kitengo sasa. Hapa nyota zote nawapa, hata zingekuwa kumi. Nesi mmoja mgonjwa mmoja, mchana na usiku, na juu yake kuna mtaalamu wa ile mashine tu, perfyusionisti wanamwita, anapita na tochi ndogo anamulika kile kiboksi kutafuta mabonge ya damu, anamulika kila kona taratibu kama anatafuta pete iliyopotea. Pembeni ya kitanda daima zinaning'inia koleo za kubana mirija, na kuna mkono wa kuzungusha pampu kwa nguvu za mtu umeme wa mashine ukifeli. Nikauliza ulishawahi kuutumia, akasema kwenye mafunzo kila mara. Kuna usiku mrija ulianza kutetemeka kama bomba la maji lenye hewa, mi nikaruka kwenye kiti, nesi akasema amepungukiwa maji mwilini vena inajibana kwenye mrija, akashusha mizunguko kidogo akampa maji, ikatulia. Hajakimbia, hajapiga kelele. Ukiniuliza nini kilimuokoa mdogo wangu nitasema utulivu wa yule nesi kabla ya kutaja mashine.

Na hata tafiti kubwa ukizisoma unaliona hilo. Uingereza walifanya moja ikatoka 2009, inaitwa CESAR, wagonjwa 180 wa mapafu, waliopangiwa kupelekwa kituo maalumu cha ekmo asilimia 63 walifika miezi 6 wakiwa hai bila ulemavu mkubwa, waliobaki na matibabu ya kawaida asilimia 47. Ila sio wote waliopelekwa waliwekewa ekmo, wengine walihudumiwa tu na ile timu iliyozoea. Ya 2018, EOLIA, ilikuwa na wagonjwa 249, vifo ndani ya siku 60 vilikuwa asilimia 35 kwa waliopangiwa ekmo na 46 kwa matibabu ya kawaida, na kitakwimu bado wakasema tofauti haitoshi kuthibitisha. Dokta alinipa namba hizi mwenyewe, hakunificha ile ya pili.

Kuna familia tulikaa nao kwenye lile benchi, baba yao moyo ulisimama nyumbani, akawekewa ile aina ya pili huku anakandamizwa kifua. Hapo muda ndo kila kitu, wanataka damu ianze kuzunguka ndani ya saa moja hivi tangu moyo usimame, ndo maana Paris timu za SAMU (huduma ya dharura ya Ufaransa) zinaenda na mashine mpaka kwa mgonjwa barabarani. Minneapolis, Marekani, walipata matokeo makubwa mwaka 2020, asilimia 43 ya waliopangiwa ekmo walitoka hospitali hai dhidi ya 7 ya matibabu ya kawaida, ila walikuwa wagonjwa 30 tu, na Uholanzi 2023 walipojaribu kwenye vituo vingi, waliofika siku 30 wakiwa hai na ubongo uko vizuri ikawa 20 kwa 16. Yule baba hakurudi. Siku ya 3 alipimwa ubongo ukawa umeshakufa, dokta akawakalisha kwenye chumba, akawaambia, akakaa nao muda mrefu. Binti yake alitoka akanikumbatia mimi, eti ananiombea mdogo wangu. Naandika hapa na yeye nikimkumbuka, sababu rivyu ikisimulia waliopona peke yao inamdanganya atakaeisoma.

Siku ya 8 pafu la bandia likaanza kuchoka, mabonge yameongezeka, rangi zile mbili zikaanza kufanana. Wakatuita wakasema tunabadilisha mashine yote, itasimama chini ya dakika moja. Nilisimama mlangoni. Watu 6, kila mtu anajua mkono wake unaenda wapi, wakahesabu kwa sauti, wakabana, wakakata, wakaunga, wakaachia. Damu nyekundu ikarudi.

Siku ya 10 walifunga ile hewa ya mashine lakini wakaiacha damu iendelee kuzunguka, kumpima kama mapafu yake yanajitosheleza, masaa 20 na kitu hivo, kila saa wanatoa damu wanapima. Siku ya 11 mirija ikatoka. Kutoa kwenyewe ni jambo dogo kuliko nilivyowaza, nyuzi moja inakazwa na dokta anakandamiza kwa mkono kwa muda, basi. Kesho yake ultrasaundi ikaonyesha bonge la damu kwenye mguu pale mrija ulipokuwa, akaanzishiwa dawa ya miezi, wanasema linatokea mara nyingi, kwahiyo na nyie mkitolewa ulizeni mguu umepimwa au bado.

Nyota moja nimeitoa kwa vitu viwili. Ule usiku wa kwanza nimeshasema. Cha pili ni baada ya kutoka. Ndani ya ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) mnahudumiwa kama mfalme alafu mnapewa faili, dawa, tarehe ya kliniki ya mifupa, na hakuna aliyetuambia kwamba mtu aliyelala wiki mbili na dawa za usingizi anaweza kuamka usiku anapiga kelele kwamba anazama, kwamba misuli ya paja itakuwa imeisha hadi ashindwe kunyanyuka chooni, kwamba atasahau majina. Tulidhani ubongo umeharibika. Miezi 2 tumeishi na hiyo hofu mpaka mfiziotherapia mmoja akatuambia ni kawaida kwa waliokaa ICU muda mrefu na inatibika. Kitengo kinachoweza kubadilisha pafu la bandia chini ya dakika moja kinaweza kutoa karatasi moja ya maelezo, naomba sana mlifanyie kazi.

Ila kuna daftari. Manesi walikuwa wanamuandikia dogo kila siku, mistari michache tu, sikujua mpaka siku ya kuruhusiwa walipompa. Leo ulifungua macho. Leo mama yako alikuimbia. Hana kumbukumbu yoyote ya zile siku kwahiyo anazisoma humo, na siku ya 8 imeandikwa hivi: "Leo tumekubadilishia pafu. Dada yako alisimama mlangoni mwanzo mpaka mwisho, tulimwambia akae akakataa." Juzi amenisomea kwa sauti, akaniuliza kama ni kweli nilikataa kiti.