Pafyumu za Kiume za Harufu ya Mbao: Usilipe Kabla ya Saa Tatu Kupita

Chupa niliyomnunulia mume wangu mwaka jana ilinukia vizuri mno kwenye kikaratasi cha dukani: mwerezi, pilipili manga, na kitu kama ganda la chungwa. Nikalipa. Kesho yake asubuhi akajipulizia mara tatu, akatoka. Aliporudi mchana nikamkumbatia, pua ikaniwasha. Mwerezi haukuwepo tena. Kilichobaki ni ukali mkavu, kama vanishi iliyopakwa kwenye chumba kisicho na dirisha. Yeye hakuwa akisikia kitu, na alitaka kujiongezea. Lile shati nililifua mara mbili, kola ikabaki na ukali uleule.

Ndiyo maana hapa sizungumzii uzuri wa chupa wala ipi inafaa kwa zawadi. Nazungumzia mkia wa harufu, yaani kinachobaki saa tatu baada ya kujipulizia.

Mbao katika pafyumu hukaa tabaka la chini. Machungwa na malimau ya juu huruka mapema, kwa hiyo unachonusa dukani si ile mbao unayoilipia. Na siku hizi mbao hiyo mara nyingi imetoka maabara. Sina ugomvi na maabara. Iso E Super, iliyobuniwa miaka ya 1970, ni laini kama mwerezi uliokauka vizuri, na wapo watu ambao pua zao haziisikii kabisa. Ugomvi wangu ni na molekuli kali kama Norlimbanol na Ambrocenide. Tone dogo linatosha, zikizidishwa, zinachoma. Pua ya aliyejipulizia huzoea haraka, ya anayemkaribia bado haijazoea, na ndiyo sababu wanaume wengi hujiongezea wakidhani imeisha.

Pafyumu ya kwanza katika orodha yangu ni Terre d'Hermès, na sifichi kwamba Hermès ndiyo kampuni ya manukato ninayoipenda kuliko zote. Jean-Claude Ellena aliitunga, ikatoka 2006. Inaanza na chungwa na balungi, halafu inakuja harufu ya jiwe, ile ya gumegume likigongwa, kisha mwerezi na vetiva. Iso E Super imo kwa wingi, lakini baada ya saa tatu shingo bado inanukia ardhi kavu iliyopigwa na jua, si dawa. Nikiisikia namwona mwanaume aliyekunja mikono ya shati, anayefika kabla ya wakati, anayerekebisha bawaba ya mlango bila kusubiri kuambiwa. Hapandishi sauti.

Ila soma jina lote kwenye boksi. Lipo toleo la Parfum la 2009, lipo Eau Intense Vétiver la 2018 alilolitunga Christine Nagel, na chupa zake zinafanana sana. Muuzaji mmoja aliniwekea mkononi toleo ambalo sikuliomba, akaniambia zote ni zilezile. Si zilezile hata kidogo, na aliyekaa nazo kutwa nzima anapaswa kulijua hilo.

Ya pili ni Vétiver ya Guerlain, ya Jean-Paul Guerlain, 1959. Vetiva ni nyasi, na mafuta yake hutolewa kwa mvuke kutoka kwenye mizizi, ndiyo maana inanukia udongo na moshi kidogo. Humu imefuatana na tumbaku na kungumanga. Ni ya mtu msafi, mwenye kauli moja. Inaisha mapema, watu wanailalamikia kwa hilo. Mimi naona afadhali harufu inayoaga kwa heshima.

Ya tatu, Oud Wood ya Tom Ford, 2007. Iliki, sandali, udi mpole sana. Mkia wake mzuri, bei yake inaniudhi. Udi halisi ni utomvu unaojaa ndani ya mti wa Aquilaria ukishambuliwa na ukungu, na ni ghali kweli. Lakini neno "oud" limegeuzwa kibali cha kupandishia bei hata pale ambapo udi wenyewe haumo.

Kwa bei nafuu, Encre Noire ya Lalique: vetiva nyeusi, ya mtu mkimya. Nyingine za bei ya chini sizipangi.

Wauzaji nao wamezidi. Wanakupa kikaratasi, wanakuhesabia dakika mbili, kisha "bei hii ni ya leo tu". Ukiomba kichupa cha kujaribia wanakuangalia kama umeomba bure duka zima. Sasa tunaingia asubuhi, mume wangu anapulizia pafyumu moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto, mpulizo mmoja mmoja, tunaondoka bila kununua. Mchana ninayenusa ni mimi, si yeye.