Semina ya kuongoza timu kipindi cha presha, Kigoma mjini: nimelipa mwenyewe na hela yangu haijapotea

Nilienda hii semina ya siku mbili pale Mwanga kwa hela yangu, elfu 80 pamoja na chai na chakula cha mchana, naandika kwa ajili ya masupavaiza wenzangu wa huku ambao timu zao zimekaa roho juu muda mrefu. Mi nasimamia watu tisa kwenye mradi mmoja Kasulu, zamani tulikua kumi na sita. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje tukaambiwa ni siku 90 za kupitia upya, tukasema sawa tutavumilia, afu siku zenyewe hata hazijaisha, tarehe 10 Machi ikatangazwa asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, imefutwa. Toka hapo mikataba yetu inaongezwa miezi mitatu mitatu, na kila ikikaribia kuisha nikishuka tu kwenye gari watu wananisoma usoni.

Asubuhi ya kwanza nusu nijute. Slaidi nyingi, mifano ya makampuni ya mbali, ukumbi una joto na projekta haionekani kwa mwanga wa dirishani. Ila baada ya chai akasimama mwezeshaji wa pili, mama mtu mzima, akaizima projekta, akatugawia karatasi tuzikunje safu tatu: tunachojua, tusichokijua, na lini tutajua. Ya kwanza nilijaza chap, ya pili ikajaa mpaka nyuma ya karatasi, ya tatu sina hata mstari. Akaja akaniuliza, "Mwanangu, hao watu wako wanajua utaongea nao tena lini?" Nikakosa jibu. Mi nilikua nasubiri nipate habari ndo niitishe kikao, kumbe wiki tatu nimekaa kimya na wao wanaokoteza maneno ya kantini. Akasema kama huna tarehe ya jibu weka tarehe ya kuongea, na siku hio ikifika hata kama hakuna jipya unasimama mbele yao unasema hakuna jipya.

Hapo kaka mmoja mwenye maboti Kibirizi akaeleza ya 2024, Ziwa Tanganyika lilivyofungwa watu wasivue kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti. Wavuvi wa dagaa kusubiri wamezoea, mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa kwaiyo maboti yanapumzika, ila kila mtu anajua giza linarudi lini. Miezi mitatu ni mingi kwa mtu anayekula kwa mgao wa samaki, lakini tarehe ilikuwepo, akawaweka vijana wake kushona nyavu na kukarabati maboti kwa posho ndogo ambayo aliwatajia siku ya kwanza kabisa, hakuibadilisha. Nikaona yeye tarehe alipewa, mi inabidi nizitengeneze mwenyewe, ndogo ndogo.

Siku ya pili ilihusu kazi za walioondoka. Sisi walipopungua saba tuligawana kazi zao zote, hakuna aliyeuliza ipi iachwe, yani mtu mmoja anajaza fomu za watu wawili mpaka usiku. Tukaorodhesha kila kazi ya wiki na kufuta zile ambazo zikikosekana hakuna atakayeuliza. Nilifuta tatu, nikampelekea bosi wangu, kakubali mbili.

Nisichopenda: hawakugusa kabisa namna ya kumwambia mtu jina lake limo kwenye orodha ya wanaopunguzwa kazini. Niliuliza, likapitwa haraka. Kwangu hilo ndo zito kuliko yote, nimelifanya mara saba na mmoja wao mke wake alikua amejifungua wiki ile ile, na mi mwenyewe mkataba wangu ni wa miezi mitatu kama wao. Semina ya viongozi wa kipindi hiki ikiruka hapo imeruka pakubwa, waongeze hata nusu siku.

Chakula safi, migebuka ya kukaanga na ugali wa muhogo, na walipika cha kutosha.

Tangu nirudi tunakaa kila Ijumaa saa nane mchana, dakika ishirini, na mara mbili nimesema hakuna jipya. Ukipiga simu kujiandikisha ulizia kwanza kama yule mama yupo, na kama hayupo subiri zamu yake.