Umefunga vyuma vya meno? Hela yako ya kwanza iende hapa

Mambo vipi jamani, karibuni tena. Leo mezani nina mswaki wa kawaida, mswaki wa wenye vyuma, vibrashi vya katikati ya meno, uzi, mashine ya kurusha maji, na dawa ya meno ya mkaa ambayo mmenisumbua nayo sana. Wengi mnauliza: nikinunua mashine ya maji, si ndiyo basi? Hapana. Tena hiyo mashine isiwe ya kwanza kununua.

Cha kwanza ni haka kabrashi. Kanafanana na brashi ya kuoshea chupa ya mtoto, ila kichwa chake ni chembamba mno. Ngoja nisogee kwenye kamera. Nimekula ugali na mchicha makusudi, nikapiga mswaki, na ukitazama harakaharaka utasema meno yametakata. Sasa napitisha kabrashi nyuma ya waya, kati ya braketi mbili, yaani vile vipande vidogo vilivyogandishwa kwenye meno kushika waya. Naingizia kwa juu, nasugua ubavu wa braketi, nachomoa. Halafu naingizia kwa chini. Haya, ona kilichotoka. Hicho cha kijani mnakijua. Hicho cheupe kinachonata ndio ukoga, na mswaki ulipita juu ya waya ukauacha hapohapo.

Ukoga umejaa bakteria. Wakipata sukari wanatoa asidi, na asidi inanyonya madini ya jino pembezoni mwa braketi. Doa jeupe kama chaki linaweza kuanza kuonekana ndani ya wiki chache tu. Utakuja kuligundua vizuri siku vyuma vinatolewa: meno yamenyooka, lakini kila jino lina alama kuzunguka pale braketi ilipokaa. Inauma, maana umelipa hela nyingi.

Vibrashi hivi vina saizi. Chukua kinachoingia kwa kubana kidogo bila kulazimisha. Ukilazimisha, kawaya kanapinda na fizi inachubuka. Angalia pia kawaya ka ndani kawe kamefunikwa plastiki. Nywele zikilala, tupa. Na kama fizi inatoa damu, usiikwepe sehemu hiyo! Mara nyingi inatoa damu kwa sababu ya ukoga wenyewe. Safisha taratibu kila siku, kwa kawaida inatulia ndani ya wiki moja au mbili. Isipotulia, mwone daktari.

Mswaki wa wenye vyuma una bonde katikati ya nywele ili braketi ikae humo. Mzuri, lakini mswaki laini wenye kichwa kidogo unafanya kazi hiyohiyo ukijua kuulaza: kwanza juu ya braketi ukielekea chini, kisha chini yake ukielekea juu, halafu pale jino linapokutana na fizi. Msiharakishe hapo kwenye fizi.

Mashine ya maji sasa. Hii ni ya kuchaji, kwa hiyo umeme ukikatika na chaji imeisha, imekuwa pambo. Weka maji safi ya uvuguvugu, anza na nguvu ndogo, inama kwenye sinki, funga midomo kidogo. Usipofunga, kioo chote kinaloa, mama atakufukuza bafuni. Inatoa mabaki ya chakula vizuri sana, na fizi zinaipenda. Lakini ukoga unaonata bado unataka kusuguliwa. Kama hela ipo, nunua kama nyongeza. Uzi nao unafaa, ila lazima uwe na ncha ngumu ya kupenya chini ya waya, na unahitaji subira ambayo usiku mimi sina.

Dawa ya meno: geuza tyubu usome nyuma. Mtu mzima tafuta floraidi, madini yanayoimarisha jino, ya ppm (sehemu kwa milioni) 1350 hadi 1500. Ndugu zangu wa Arusha mnaiogopa floraidi kwa sababu maji ya huko yana floraidi nyingi na yanaacha madoa kwenye meno, nawaelewa. Lakini yale madoa ya kahawia huingia utotoni, jino likiwa bado linajengeka ndani ya fizi. Wewe mkubwa piga mswaki, tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Ya mkaa achana nayo. Inakwaruza, na chini ya braketi haifiki, kwa hiyo hata huo weupe mnaoutafuta utatoka na mabaka. Mswaki wa mti? Babu zetu waliutumia na unasafisha kweli, lakini nyuma ya waya hauingii.

Na aliyeuliza kuhusu ubuyu: ile sukari yake inaganda kwenye braketi na kokwa inaweza kuing'oa kabisa. Miwa, bisi na mahindi ya kuchoma ya kung'ata kwenye gunzi, vilevile. Mahindi unaweza kuyapukuchua. Ubuyu, pole sana.