Bernina: acha behewa la vioo, panda treni ya kawaida

Vijana wenzangu mnaosoma huku Ulaya, kila likizo ikikaribia mnaniuliza kama Bernina Express, treni ya watalii inayovuka milima ya Alpi kutoka Uswisi hadi Italia, inafaa pesa zake. Njia yenyewe inafaa, tena sana. Ila kwa mfuko wa mwanafunzi ningepanda treni ya kawaida ya Rhätische Bahn, shirika la reli la huko, ile nyekundu inayosimama hadi vituo vidogo. Inapita kwenye reli zile zile.

Bernina Express ina vioo vilivyopanda hadi karibu na dari, na lazima ulipie nafasi ya kukaa hata kama una pasi ya Interrail, ile tiketi moja ya treni za nchi nyingi za Ulaya. Vioo hivyo havifunguki, kwa hiyo nusu ya picha zinatoka na sura yako juu ya mlima. Treni ya kawaida haina ada hiyo, na baadhi ya mabehewa yake madirisha yanashuka. Simu na mkono vibaki ndani lakini, maana mahandaki hayapigi hodi.

Anzia mji wa Chur, ukae upande wa kulia. Kabla ya Filisur treni inakata kona juu ya daraja la Landwasser, urefu wa mita 65 kutoka bondeni, na daraja linapoishia ndipo handaki linapoanzia, kwenye ukuta wa mwamba. Mbele kidogo, kati ya Bergün na Preda, reli inapanda mita zipatazo 400 kwa kujizungusha ndani ya mlima; kanisa la Bergün unaliona, linapotea, unaliona tena likiwa chini zaidi. Majira ya baridi vijana hupanda treni hadi Preda, wakateremka hadi Bergün kwenye vigari vya mbao vya kuteleza juu ya theluji, kisha wakarudi juu na treni. Siku nzima hakuna anayewasha gari.

Badilisha treni Samedan au Pontresina; Pontresina ndipo unapoingia kwenye njia ya Bernina yenyewe. Ilifunguliwa 1910, na tangu siku hiyo inatumia umeme. Inapanda hadi mita 2,253 bila reli ya meno, ile ya katikati inayosaidia treni kushika mteremko, na kuna sehemu inayoinuka mita 70 kwa kila mita 1,000. Mimi nimekulia Same, chini ya milima ya Upare, na reli ya kwetu ina upana huo huo wa mita moja. Nilipoiona hii ikikwea vile nilibaki nacheka peke yangu, hadi mama mmoja aliyekaa jirani yangu akanipa peremende.

Raha nyingine ya treni ya kawaida ni kwamba unashuka utakapo, ukadaka inayofuata. Shuka Morteratsch. Ukitembea kutoka kituoni kufuata bonde, unakuta vibao vya miaka vinavyoonyesha barafu ilifika wapi zamani. Unatembea, unatembea, na barafu bado iko mbali mbele yako. Hakuna semina ya mazingira iliyowahi kunishika namna ile.

Shuka pia Alp Grüm, uone bonde la Poschiavo likiwa chini kabisa ya miguu yako. Baada ya hapo ni mteremko hadi Brusio, ambako reli inajizungusha na kupita chini ya daraja lake yenyewe, halafu Tirano, Italia, mita 429 tu kutoka usawa wa bahari. Pale kuleni pizzoccheri, tambi za ngano nyeusi zenye jibini na kabichi. Zinashibisha kama ugali wa nyumbani.

Nyota nne kati ya tano. Moja naikata kwa sababu ya bei: Uswisi ni ghali, basi beba chakula chako na chupa ya maji. Pasi ya Interrail ina bei ya vijana hadi miaka 27, na wenye miaka 18 waliotimiza masharti ya Umoja wa Ulaya wanaweza kuomba pasi ya bure ya DiscoverEU. Kwa maoni yangu, punguzo la nauli limewatoa vijana wengi kwenye ndege kuliko mahubiri yote ya tabianchi.

Na msisahau pasipoti pamoja na kibali cha kuishi. Tirano ni nchi nyingine.