MikroTik hEX kwa mtandao wa chuo: nunueni, ila IP mzipange kwanza kwenye karatasi

Wakuu, kama chuo chenu wote mmerundikana kwenye 192.168.1.0/24, yaani kundi moja la anwani za mtandao (IP; namba baada ya mkwaju inaonyesha ukubwa wa kundi, ikiwa ndogo kundi ni kubwa), mhasibu humo, maabara humo, kamera humo na simu za wanafunzi humohumo, nawaomba mkiangalie hiki kiboksi cha ruta. MikroTik hEX, RB750Gr3, matundu matano ya gigabiti, prosesa ya 880 MHz, RAM 256 MB. Chuoni kwetu ndo kinabeba kila kitu na nakipenda sana.

Ila kikitoka dukani kinakuja na 192.168.88.1/24, na DHCP yake (huduma inayogawa IP yenyewe kwa kila kifaa) inagawa kuanzia .10 mpaka .254, yaani anwani 245 basi. Wanafunzi mia tatu wakiwasha simu muda wa chai, wa mwisho wanakosa IP, watu wanalaumu bando kumbe anwani ndo zimeisha. Kwa hiyo kabla hujafungua Winbox, programu ya kuipangia ruta, shika kalamu.

Sisi chuo kizima tumekipa 10.20.0.0/16, halafu namba ya tatu ya IP tukaifananisha na namba ya VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya waya zilezile): utawala VLAN 10 ni 10.20.10.0/24, maabara VLAN 20 ni 10.20.20.0/26 maana ina anwani 62 na mashine haziwezi kufika huko, kamera VLAN 30, na wanafunzi VLAN 40 wamepewa /22, yaani 10.20.40.0 mpaka 10.20.43.255, hapo una anwani 1,022 na moja inachukuliwa na ruta. Angalieni hapo, /22 inaanzia kwenye namba inayogawanyika kwa nne, ndo maana 41, 42 na 43 hatuzigusi tena. Uzuri wake ukiona tu IP kwenye logi, kumbukumbu za ruta, unajua ni kundi gani, hata fundi mgeni haulizi. Simu za wanafunzi DHCP iwape saa moja tu, IP zirudi haraka.

Na hili naomba mlishike: kugawa sabuneti, yaani haya makundi ya IP, peke yake hakumzuii mwanafunzi kufika kwenye kompyuta ya mhasibu. Ruta kazi yake ni kupitisha, so VLAN 40 itafika VLAN 10 bila shida mpaka uandike sheria ya kuzuia kwenye fayawoli (kichujio cha ruta), upande wa forward, unaoshughulikia data inayopita kwenye ruta kwenda kwingine. Kwa bei ya hiki kiboksi kupata fayawoli ya namna hii ni jambo kubwa sana.

Kasoro zipo. Haina waifai, akses pointi na swichi inayojua VLAN unanunua pembeni. Winbox ina menyu nyingi mno kwa anayeanza, na ukiwasha VLAN filtering (ruta kuzitenganisha VLAN kwenye matundu) kabla hujamaliza kupanga bridge, inayounganisha hayo matundu, unajifungia nje, so washa Safe Mode kwanza, inayorudisha mabadiliko ukikatika. Ukimwekea kila mtu kikomo cha spidi prosesa nayo inachoka. Watu mia kadhaa inawatosha, mkiwa maelfu chukueni RB5009, ruta kubwa zaidi ya MikroTik, mpango wa IP ni uleule.