Msumeno Upi wa Mnyororo Unafaa kwa Kukata Kuni? Mwongozo kwa Mwenye Shamba Lenye Miti

Mwenye eneo lenye miti anayetegemea kuni zake mwenyewe mwaka mzima hufika mahali ambapo shoka na msumeno wa mkono havimtoshi tena, na hapo ndipo anapoanza kutafuta msumeno wa mnyororo, ambao wengi tumezoea kuuita chenso. Dukani hukuta misumeno ya kila ukubwa, na muuzaji, pengine kwa nia njema kabisa, humwelekeza kwenye ule wenye nguvu kuliko yote. Mwongozo huu una msimamo mwingine: msumeno huchaguliwa kwa kuangalia magogo unayoyakata mara kwa mara, na ule mti mmoja mnene kuliko yote shambani hutafutiwa mpango wake wa pekee siku utakapoanguka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanyika shambani kabla ya kufika dukani. Chukua tepu, upime unene wa magogo yaliyolala, matawi yaliyovunjwa na upepo na miti unayokusudia kuipunguza ili mingine ipate nafasi ya kukua. Utakuta kwamba sehemu kubwa ya kuni hutoka kwenye magogo membamba kuliko ulivyodhani, kwa sababu shina huwa nene sehemu ya chini tu, kisha juu hupungua haraka. Baa, yaani lile bamba la chuma ambalo mnyororo hulizunguka, inapaswa kuzidi unene wa gogo la kawaida kwa sentimita 5 hivi. Baa ya sentimita 40 hukata gogo la sentimita 35 kwa mkupuo mmoja, na likiwa nene zaidi unaweza kukata upande mmoja, ukahamia upande wa pili na kumaliza. Anayenunua baa ya sentimita 60 kwa ajili ya magogo ya sentimita 25 hubeba uzito usiomsaidia, hunoa meno mengi zaidi kila mara, na ncha ya baa yake humgonga ardhini na kwenye mawe asipotazama.

Nafasi ya kwanza ninaipa misumeno ya petroli yenye injini ya takriban cc 50 na baa ya sentimita 40 hadi 45. Katika ukubwa huu nguvu huwa kilowati 2.3 hadi 3, uzito bila baa na mnyororo huwa kilo 5 hivi, na mtu mzima mwenye afya anaweza kukata vipande asubuhi nzima bila mikono kuanza kutetemeka. Ndani ya kundi hili kuna matabaka mawili ambayo kwa macho hufanana sana. Stihl MS 271 na Husqvarna 450 Rancher zimetengenezwa kwa ajili ya wakulima na wenye mashamba. Stihl MS 261 na Husqvarna 550 XP zimetengenezwa kwa watu ambao kukata miti ndiyo ajira yao. Zote nne zina injini ya cc 50, ila MS 271 hutoa kilowati 2.6 na ina uzito wa kilo 5.6, ilhali MS 261 hutoa kilowati 3 kwa kilo 4.9.

Tofauti hiyo inatokana na namna injini ilivyojengwa. Katika misumeno ya wataalamu, mwili wa injini ni wa magnesi, metali nyepesi na imara, na silinda hufungwa juu yake kwa boliti, hivyo fundi anaweza kuifungua na kubadilisha silinda na pistoni bila kubomoa kila kitu. Katika misumeno mingi ya bei ya chini, injini ni kifurushi kilichopachikwa ndani ya ganda la plastiki, na ukarabati wake mkubwa huchukua muda mrefu kiasi kwamba mara nyingi haulipi. Hata hivyo, injini ya namna hii ikitunzwa vizuri hudumu miaka mingi kwa mtu anayekata kuni za nyumbani. Ushauri wangu kwa anayekata kwa majuma machache kila mwaka ni achukue msumeno wa tabaka la mkulima, kisha fedha iliyobaki aitumie kwa mavazi ya kujikinga na minyororo ya akiba. Anayekata kila juma, au anayewauzia wengine kuni, asione ubahili kulipia tabaka la juu, kwani gramu 700 pungufu mkononi na mitetemo iliyopunguzwa vizuri ni faida ya afya. Mitetemo ya miaka mingi huharibu mishipa ya damu na ya fahamu katika vidole, na madhara hayo mara nyingi hayaponi.

Nafasi ya pili ni ya misumeno ya betri, na sioni sababu ya kuiita vifaa vya kuchezea kama ilivyokuwa ikisemwa zamani. Msumeno wa EGO wa volti 56 wenye baa ya sentimita 40 au 45, na ule wa Milwaukee M18 Fuel wa sentimita 40, hukata magogo ya sentimita 25 bila kusita. Hakuna kamba ya kuvuta, hakuna kabureta ya kuziba, hakuna moshi usoni, na ukiacha kubonyeza kitufe panakuwa kimya kabisa, jambo linalomwezesha mkataji kusikia mti unapoanza kulia kabla ya kuanguka. Mpaka wake ni chaji. Kwenye magogo mazito betri huisha haraka kuliko tangi la petroli, na wakati wa baridi kali nguvu yake hupungua. Ikiwa kuni zako zipo karibu na nyumba na unakata kidogo kidogo, betri mbili na chaja ya kasi zinaweza kukufaa kuliko petroli. Ikiwa unaingia msituni kutwa nzima, petroli bado inaongoza. Lakini betri haifanyi mnyororo uwe mpole: meno ni yaleyale, na msumeno huu huwa tayari kukata papo hapo kidole kinapogusa kitufe, kwa hiyo betri itolewe kila unapokaza au kunoa mnyororo.

Baada ya hapo ninaweka misumeno midogo ya petroli ya cc 30 hadi 40, kama Stihl MS 170. Ni myepesi na inafaa sana kwa matawi na miti michanga, na mwenye shamba dogo au mwenye mikono isiyo na nguvu nyingi hatajuta kuununua. Kosa huja pale msumeno huu unapolazimishwa kukata magogo manene kila siku, kwa kuwa injini hupata joto kupita kiasi na mkataji huanza kuukandamiza badala ya kuuacha ule mti wenyewe.

Misumeno mizito, kuanzia cc 60 kama Echo CS-590 hadi cc 70 kama Husqvarna 572 XP na Stihl MS 462, ninaiweka chini kwa kazi ya kuni, ijapokuwa ni mashine bora sana. Inastahili kununuliwa na mtu ambaye magogo yake ya kawaida huzidi sentimita 50 na ambaye tayari ana uzoefu. Mgeni wa kazi hii asianze nayo, kwa sababu uchovu ndio mlango wa ajali. Ile ya umeme wa waya inafaa uani tu, penye soketi karibu na magogo yaliyokwisha kusombwa.

Sasa niseme juu ya mnyororo, kwa maana hapa ndipo wanunuzi wengi hupita haraka, na ndipo kazi yote inapofanyika. Mwaka 1946 mkata miti wa Marekani, Joseph Buford Cox, alimtazama buu wa mdudu akitafuna mti huku taya zake zikila upande wa kushoto na wa kulia kwa zamu, akabuni mnyororo wenye meno yanayofuata mtindo huohuo. Kampuni aliyoianzisha mwaka 1947 ndiyo iliyokuja kujulikana kwa jina la Oregon, na minyororo tunayotumia leo bado inafuata wazo lake. Tazama mnyororo kwa karibu utaona jino moja likielekea kushoto na linalofuata kulia. Meno ya upande mmoja yakiwa mafupi au butu kuliko ya upande wa pili, msumeno hupinda ndani ya gogo na kukata mkato wa mviringo, hata kama injini ni mpya.

Ubutu unajulikana kwa kutazama kinachomwagika chini. Mnyororo mkali hurusha vipande vilivyo bapa, vikubwa na vya kuonekana. Mnyororo butu hutoa vumbi laini kama unga, gogo huanza kutoa harufu ya kuungua, na mkono hujikuta ukisukuma. Hapo simama unoe. Kwa mnyororo wa hatua (yaani nafasi kati ya viungo vyake) ya inchi 0.325, ambao hupatikana sana kwenye misumeno ya cc 50, tupa yake ni ya duara yenye kipenyo cha milimita 4.8, na pembe ya kunolea mara nyingi ni nyuzi 30. Tupa husukumwa mbele tu, kutoka ndani ya jino kwenda nje, mara mbili au tatu kwa kila jino na kwa idadi ileile. Maliza meno ya upande mmoja kwanza, kisha geuka. Mara chache zaidi, shusha pia kile kinundu kilicho mbele ya jino, ambacho hupima kina cha mkato. Atakayejifunza hili hatahitaji injini kubwa, kwani msumeno wa cc 40 wenye meno makali humwacha nyuma mwenye cc 60 butu.

Kuna pia chaguo la umbo la jino. Jino lenye kona kali ya mraba hukata kwa kasi katika mti mbichi na safi. Jino lenye kona iliyoviringwa hukata polepole kidogo, ila hustahimili mchanga, magome yenye udongo na mti mkavu mgumu. Kwa kuni, ambazo aghalabu hutoka kwenye magogo yaliyolala chini, chukua la pili.

Upande wa usalama, usikubali msumeno usio na breki ya mnyororo inayofanya kazi. Robo ya juu ya ncha ya baa ikigusa tawi au gogo jingine, baa huruka juu na nyuma kumwelekea mkataji kwa kasi ambayo hakuna mtu anayeweza kuikwepa, na breki ile mbele ya mkono wa kushoto ndiyo husimamisha mnyororo. Hakikisha pia kuna kifunga cha kitufe cha mafuta (kile cha kuongeza kasi ya injini), kishikio cha kudaka mnyororo ukikatika, na springi za kupunguza mitetemo.

Dukani, omba uushike msumeno ukiwa na baa na mnyororo, tangi likiwa limejaa, kwani uzito unaoandikwa kwenye vipeperushi kwa kawaida ni wa mashine tupu. Ushike kwa mikono miwili usawa wa kiuno, kisha uugeuze ubavu kama unavyokata shina karibu na ardhi. Angalia kama skrubu ya kukaza mnyororo iko ubavuni, mahali unapoifikia bila kukaribia meno, na kama kichujio cha hewa hutolewa bila bisibisi, kwa sababu utakisafisha mara nyingi. Kisha uliza swali ambalo kwangu lina uzito kuliko kilowati zote: nani katika eneo lako anauza vipuri vya modeli hii na fundi gani anaifahamu? Msumeno wa jina kubwa usio na fundi karibu utalala stoo kwa kukosa kipuri kidogo.

Anayenunua uliotumika aombe ekzosi ifunguliwe na achungulie pistoni kupitia tundu lake. Ubavu wa pistoni nzima huwa laini na unang'aa. Mikwaruzo ya wima inaonyesha kwamba injini iliwahi kukosa oili au kupata joto kupita kiasi, na bei yoyote ya huruma haitafidia hilo. Auwashe ukiwa baridi, kisha aelekeze ncha ya baa kwenye kisiki kilichokatwa karibuni bila kukigusa, huku akibonyeza kitufe cha mafuta: mstari wa oili ukionekana juu ya mti, pampu ya kulainisha mnyororo ni nzima.

Pamoja na msumeno, siku hiyohiyo nunua helmeti yenye kioo cha uso na vifunika masikio, suruali ya kujikinga ya daraja la 1, iliyopimwa dhidi ya mnyororo unaokwenda mita 20 kwa sekunde, buti zenye chuma mbele, mnyororo mmoja wa akiba, tupa yenye kiongozi cha pembe, kabari mbili za plastiki, oili ya mnyororo, na oili ya injini za mipigo miwili, ambayo kwa misumeno mingi ya kisasa huchanganywa mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Changanya kiasi utakachokimaliza ndani ya mwezi mmoja, na kabla ya kuuweka msumeno kwa muda mrefu mwaga mafuta yaliyobaki tangini, kisha uache injini iunguruke hadi izime yenyewe ili kabureta isibaki na mafuta ya kugandia ndani.